Kijiti Kilikuwa Safi

Jua lilipoanza kujificha nyuma ya Mlima Hanang', watu wa kituo cha kupima anga waliacha walichokuwa wakikifanya na kunyamaza. Mlinzi wa getini alizima redio yake. Mafundi waliokuwa wakibishania mpira kantini walishusha sauti, kisha wakaacha kabisa. Hakuna aliyewahi kuwaamuru. Yalikuwa mazoea tu, na mazoea ya kituo kile yalishikwa kuliko sheria zake. Saa hiyo, ndani ya chumba cha kuongozea, mtu mmoja alikuwa anajiandaa kutangaza kijiti, na kutoka Kagera mpaka Ruvuma zahanati zilikuwa zimetega sikio.

Jioni hiyo zamu ilikuwa ya Sekunda, mhandisi wa vipimo, mwanamke wa Kifipa mwenye sauti nzito ambayo wauguzi wa nchi nzima waliifahamu bila kuwahi kumwona uso. Alikaa mbele ya kioo, kikombe cha chai kikimpoea mkononi, akaisubiri setilaiti waliyoiita Saba ichomoze upande wa kusini.

Kijiti chenyewe hakikuwa kitu cha kujivunia kwa macho. Kilikuwa ufito wa chuma usiozidi urefu wa kidole, umefungwa kwenye ncha ya mkono mrefu uliojitokeza ubavuni mwa Saba. Huko juu, mbali kupita mawingu yote, hakuna hewa ya kuvuta ila kuna elektroni zinazoelea ovyo, na kazi ya kijiti ilikuwa kuzionja. Walikipa volti kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu. Kadiri volti zilivyopanda ndivyo elektroni zilivyokimbilia kwenye chuma, na mstari ukajichora kwenye kioo. Kimo cha mstari kilisema elektroni zimesongamana kiasi gani. Mwinuko wake ulisema zina joto kiasi gani, joto la maelfu ya nyuzi, ijapokuwa elektroni zenyewe ni haba mno hivi kwamba mtu akitoa mkono nje ataganda kabla ya kuungua.

Kisha volti zilirudishwa chini kwa mwendo uleule. Hapo ndipo palipokuwa na siri ya kazi. Mstari wa kushuka ukilala juu ya mstari wa kupanda, kijiti ni safi na namba zake ni za kuaminika. Mistari ikiachana, kijiti kimeshika uchafu, masalia ya gesi na mafuta yaliyoganda juu ya chuma, na namba zake ni za uongo. Tena uongo wa kijiti kichafu daima ni wa aina moja: hutia chumvi kwenye joto.

"Saba imeingia," alisema Sekunda, ijapokuwa chumbani alikuwa peke yake.

Mistari ilijichora, mmoja juu ya mwingine. Alivuta kipaza sauti.

"Hanang' hapa. Kijiti ni safi. Anga limetulia kutoka Ruvuma hadi Kagera. Vipanga viruke."

Vipanga vilikuwa ndege za wagonjwa, ndogo, zisizo na rubani, zinazojiongoza kwa mawimbi ya setilaiti. Zamani, kabla ya kituo, vipanga havikuruka jioni. Jua likizama, tabaka lile la elektroni huchemka, mapovu makubwa yakapanda ndani yake, na mawimbi yanayopita kwenye povu hutawanyika yasieleweke. Vipanga vilivyothubutu vilipotea njia na kujibamiza milimani. Ndipo Mzee Gwakisa, mkuu wa kituo, alipojenga kile ambacho wataalamu wa nje walikipa jina refu na mafundi wa Hanang' wakakiita Jiko: shamba la antena tambararani, ng'ombe wa Wabarbaig wakichungwa hadi kwenye uzio wake, linalopasha elektroni joto kidogo kila jioni ili zitulie zisitoe mapovu. Miaka mitano Jiko lilikuwa limewaka, na mama wajawazito waliokuwa wakifia njiani walifika hospitali wakiwa hai. Hilo halikuwa na ubishi. Sekunda mwenyewe alikuwa na mdogo wake, Kandida, mwalimu wa shule ya msingi Ilambo, ufukweni mwa Ziwa Rukwa, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na kovu la upasuaji wa mimba ya kwanza, iliyoharibika. Kila jioni Kandida alijikongoja mpaka kwenye baraza ya zahanati kusikiliza kijiti kikitangazwa. Alisema mtoto hutulia akisikia sauti ya mama yake mkubwa.

Saba ilipofika mpakani, Sekunda alibonyeza amri ya kukilaza kijiti. Nayo yalikuwa mazoea: kijiti kilipima anga la nchi tu, kisha kikazimwa kutunza betri mpaka mzunguko mwingine. Lakini jioni hiyo amri haikupokelewa. Saba ilizidi kwenda kaskazini na kijiti kikiwa macho, ikapita Kenya, ikapita Ethiopia, na mistari ikaendelea kujichora ikiwa imetulia. Ilipokaribia pwani ya Bahari ya Shamu, mwinuko wa mstari ulibadilika ghafla. Joto lilikuwa mara mbili ya kawaida.

"Kichafu," Sekunda alijisemea, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kukichoma kijiti ili uchafu uungue.

Ndivyo walivyofundishwa wote. Joto likizidi, kijiti ni kichafu; choma, endelea. Kidole kilikuwa kimekwishagusa kitufe alipotazama tena. Mstari wa kushuka ulikuwa umelala juu ya mstari wa kupanda, haukuachana nao hata kwa unene wa uzi.

Aliondoa kidole.

*

Wiki nzima Sekunda hakukilaza kijiti. Aliandikisha kuwa ni majaribio, maana vipimo vya majaribio havikuhitaji kutangazwa, na Mzee Gwakisa aliidhinisha bila kuuliza. Kila jioni Jiko lilipowaka, kule pwani ya mbali joto lilipanda. Alhamisi jenereta ya Jiko iliharibika, vipanga vikalala, na kule kaskazini joto likashuka likawa la kawaida. Ijumaa Jiko lilitengenezwa, joto likarudi.

Hakuhitaji kwenda kumuuliza mtu. Dunia ni sumaku, na mistari ya sumaku yake huinuka kutoka ardhi ya kusini, ikapinda juu ya ikweta kama mpini wa kikapu, ikateremka upande wa kaskazini. Elektroni hupenda kufuata mistari hiyo. Mstari unaoinuka juu ya Hanang' huteremkia pale pale, kwenye pwani ya jangwa na Bahari ya Shamu. Joto walilolipandisha kutulizia anga lao lilitembea juu ya mpini wa kikapu na kumwagwa kwa wengine, na huko, kwa kuwa lilifika ghafla tena kwa mafungu, halikutuliza kitu. Lilikoroga.

Siku ya Jumamosi alimpigia Tahira Onur. Walisoma pamoja Dodoma, wakalala chumba kimoja miaka minne, na Tahira alirudi kwao pwani ya jangwa kufanya kazi kwenye kikosi cha uokoaji. Uso wake ulitokea kwenye simu umekondeana, ushungi umefungwa ovyo.

"Sekunda, dada yangu. Umenikumbuka leo? Nikadhani umeniweka kwenye kapu la waliokufa."

"Usiseme hivyo. Habari za huko?"

"Alhamdulillahi. Watu wazima, kazi ngumu. Wewe unajua anga letu lilivyo. Jua likizama hatuoni, hatusikii. Watu wanakwama jangwani, magari yanaharibika, boti za wasafiri zinazama, na sisi tumekaa na ndege zetu kama mapambo. Tukirusha, zinapotea." Akacheka kidogo bila furaha. "Wazee wanasema zamani haikuwa hivi. Mimi nawaambia ni jua, lina misimu yake. Ila Alhamisi, wallahi, Alhamisi Mungu alitufungulia. Anga lilikuwa kimya. Tuliwatoa watu kumi na mmoja kwenye boti."

Sekunda alitaka kumwambia habari ya Jiko, hakumwambia. Akauliza habari za watoto wa Tahira, wakaongea habari za watoto, wakaagana.

*

Mzee Gwakisa alimsikiliza wakitembea kando ya uzio wa Jiko, mikono ameifunga nyuma. Alikuwa mtu mrefu wa Tukuyu, mwenye mvi chache na sweta la kufumwa asilolivua hata kwenye joto. Sekunda alipomaliza, mzee alisimama, akazitazama antena zilizojipanga mpaka macho yasipofika.

"Mwaka wa kwanza," alisema, "kijiti cha setilaiti ya Mbili kilisahauliwa macho kikavuka mpaka. Kilileta joto kama hilo lako. Tukakichoma mara tatu, joto likawa lile lile. Tukasema kijiti kimeharibika. Tukaweka mazoea ya kuvilaza vijiti mpakani."

"Mzee, kushuka na kupanda mlikutazama?"

"Tulikuwa tumeona joto. Nani angehangaika kutazama tena?"

Walitembea hatua kadhaa. Upepo wa mlimani ulikuwa na baridi, na ng'ombe mmoja alikuwa amelala ameegemea nguzo ya uzio.

"Sheria unaijua," alisema Sekunda. "Joto likivuka kiwango kwenye anga la watu wengine, Jiko linazimwa siku hiyohiyo."

"Ninaijua. Niliiandika mimi. Inasema kipimo kilichotangazwa safi." Akamgeukia. "Seku, majaribio yako yanaisha leo. Jioni utatakiwa kutangaza. Mimi sikuamuru useme uongo. Lakini hakuna chuma kisicho na uchafu, hata kidogo. Ukisema kichafu, mtu wa haki akikutazama hawezi kukuita mwongo. Nipe miezi minane. Nitajenga Jiko dogo huko kwao, tutatuliza ncha zote mbili za mstari. Michoro ninayo. Tukizima leo, serikali itaogopa, fedha zitakatwa, na hatutawasha tena, si kwetu wala kwao."

"Na hao watakaokufa ndani ya miezi minane?"

"Na hawa wetu?" Sauti yake haikupanda. "Mwezi uliopita vipanga vya jioni vilibeba wagonjwa mia nne. Nitajie utakayemwacha njiani. Mdogo wako si yuko Ilambo?"

Sekunda alimkazia macho.

"Sikutishi, mwanangu," alisema Gwakisa, na macho yake yalikuwa na maji. "Nakukumbusha tu. Mke wangu alifia barabarani Chimala, mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo maana Jiko lipo."

Jioni ile kituo kilinyamaza kama kawaida. Saba ilichomoza, ikapita, ikaenda hadi kule mbali, na mistari miwili ikalala pamoja. Sekunda alivuta kipaza sauti. Alimfikiria Kandida kwenye baraza ya zahanati, mkono juu ya tumbo. Alimfikiria mke wa Gwakisa, ambaye hakuwahi kumwona. Alijiambia kuwa miezi minane si mingi, na kwamba huenda yeye ndiye aliyekosea.

"Hanang' hapa. Kijiti ni safi ndani ya mpaka. Anga limetulia kutoka Ruvuma hadi Kagera. Vipanga viruke." Kisha akaongeza, "Nje ya mpaka kijiti ni kichafu. Kipimo kimefutwa."

Nje, redio ya mlinzi iliwashwa tena.

*

Simu ya Tahira ililia Jumanne asubuhi. Hakusalimia.

"Wewe ni mtu wa anga, Sekunda. Nieleze. Nieleze mimi niwaeleze watu."

Jumapili, yaani jioni ileile ya tangazo, gari la abiria lilikuwa limeharibika jangwani. Kikosi kiliona Alhamisi anga lilivyokuwa jema, wakapata moyo, wakadhani msimu mbaya umekwisha. Walirusha ndege yenye rubani, kijana aitwaye Oshek, na muuguzi mmoja. Jua likazama. Ndege ikapoteza mwelekeo, ikazunguka mpaka mafuta yakaisha. Oshek alipatikana hai, miguu yote imevunjika. Muuguzi hakupatikana hai, wala watatu wa ndani ya gari, ambao maji yaliwaishia kabla ya kufikiwa.

"Ni mimi niliyesema warushe," alisema Tahira. "Nilisema Alhamisi ilikuwa dalili."

Sekunda alikuwa amesimama koridoni, mgongo ukutani. Aliona vizuri jinsi mambo yalivyofuatana. Kama jenereta isingeharibika Alhamisi, Tahira angebaki na anga lake baya na tahadhari yake. Kama angesema ukweli, Tahira asingerusha. Yeye alichagua katikati, mahali pa kujua na kunyamaza, na pale katikati ndipo watu walipofia. Akakaa chini sakafuni kama mtoto.

"Tahira, nisikilize," alisema. "Si msimu. Ni sisi."

Alimweleza yote: Jiko, mstari, kijiti, neno alilolisema kwenye kipaza sauti. Aliposhusha simu kutazama kama imekatika, aliona uso wa Tahira bado upo, unamtazama.

"Leo jioni utasema nini?" aliuliza Tahira.

"Nitasema kilichopo."

Tahira hakumshukuru wala hakumlaumu. Alikata simu.

Kabla ya zamu, Sekunda alimpigia Kandida. Alimwambia Jiko litazimwa, na vipanga vya jioni vitalala, hajui kwa muda gani. Alimsihi aondoke Ilambo aende kungojea Sumbawanga mjini, kwenye nyumba ya wajawazito jirani na hospitali.

"Nitakwenda, dada," alisema Kandida. "Nimalize mitihani ya watoto, Jumatatu ijayo naondoka. Mbona bado wiki sita? Kwani kuna nini?"

"Kuna watu upande wa pili."

"Upande wa pili wa wapi?"

Alimweleza kwa kifupi. Kandida alikuwa mwalimu. Alielewa upesi kuliko mawaziri watakavyoelewa baadaye. Akasema, "Basi sema tu, dada. Usiume maneno."

Jioni Mzee Gwakisa aliingia chumba cha kuongozea, jambo asilolifanya tangu Sekunda aajiriwe. Alivuta kiti, akakaa nyuma yake. Saba ilichomoza. Mistari ikalala pamoja kusini, ikalala pamoja juu ya ikweta, ikalala pamoja kule mwisho ambako joto lilikuwa mara mbili. Sekunda alisubiri mkono wa mzee umguse bega kumzuia. Haukumgusa.

"Hanang' hapa," alisema. "Kijiti ni safi. Kijiti ni safi kote, ndani ya mpaka na nje. Kipimo cha nje kimevuka kiwango. Jiko linazimwa. Vipanga visiruke baada ya jua kuzama, mpaka mtakapotangaziwa."

Gwakisa alinyanyuka akaenda mwenyewe kwenye swichi kuu. Hakumtuma fundi. Sekunda alisikia mlio ambao alikuwa ameuzoea kiasi cha kutousikia ukikoma, na kwa mara ya kwanza akasikia upepo kwenye bati la paa.

*

Uchungu ulimshika Kandida Ijumaa, jua likiwa linazama, wiki sita kabla ya wakati. Kipanga kilikuwa kimeegeshwa uwanja wa shule, kimechajiwa, hakikuweza kuruka. Muuguzi alimpakia kwenye gari la misheni, yeye na mumewe, Telesfori, wakaanza kupanda ukuta wa milima ya Ufipa kwenye matope. Gari lilikwama mara nyingi. Walifika Sumbawanga alfajiri. Kovu la zamani lilikuwa limeachia ndani. Madaktari walimwokoa Kandida. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwishafariki.

Sekunda alifika Jumapili, safari ya siku mbili kwa mabasi. Wodini alimkuta Telesfori mlangoni. Shemeji yake alimtazama, akainamisha kichwa, akampisha. Hakusema shikamoo. Sekunda aliona ni haki yake.

Kandida alikuwa amelala chali, midomo imekauka, macho yako darini. Sekunda alikaa kwenye kistuli. Aliushika mkono wa mdogo wake, ukawa wa moto na mwepesi, akalia bila kujificha.

"Nilikusikia," alisema Kandida baada ya muda. "Siku ile. Nilikuwa barazani. Muuguzi alianza kulalamika, nikamwambia nyamaza, yule ni dada yangu."

"Nisamehe, Kandi."

"Sijui." Kandida alifumba macho. "Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia."

Nje ya dirisha watu walikuwa wanatoka misa ya pili, wanasalimiana kwa sauti. Muuguzi aliingia, akatazama dripu, akatoka.

"Hao watu wa kule," alisema Kandida. "Ijumaa. Walipata anga?"

Sekunda alijua jibu. Tahira alikuwa ametuma ujumbe Jumamosi asubuhi, maneno machache, bila salamu: walirusha ndege tatu, zote zikarudi, zimetoa watu tisa kwenye boti iliyokuwa inajaa maji. Alikuwa ameusoma ndani ya basi, akaufunga, akaufungua tena.

"Walipata," alisema. "Watu tisa."

"Tisa."

"Ndiyo."

Kandida aligeuza kichwa juu ya mto akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mwanangu nilikuwa nimempa jina. Nilimwita Adelardi, kwa baba. Hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mimi." Alipumua kwa shida. "Usiniambie tisa, dada. Nitajie mmoja."

Katika kazi yake yote Sekunda alikuwa amepima watu kwa idadi tu, mia nne, kumi na mmoja, tisa.

"Sijui majina yao," alisema.

"Uliza."

Alitoka koridoni akapiga simu. Hakujua kama Tahira angepokea. Simu iliita mpaka karibu ikatike, kisha ikapokelewa. Sekunda alieleza anachotaka na kwa nini, akasema habari ya mtoto na jina lake. Tahira akasema, "Subiri," na Sekunda akasikia viatu vyake kwenye sakafu, mlango, sauti za Kiarabu na za Kibeja, mtoto akilia mahali fulani. Alisubiri ameegemea ukuta, Telesfori akimtazama kutoka kwenye benchi.

Tahira aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imelainika. Alitaja jina, akalirudia taratibu ili Sekunda alishike, akaeleza ni la nani. Kisha akauliza tena jina la mtoto, na Sekunda alipolitaja, Tahira naye akalirudia.

Sekunda alirudi wodini, akakaa kwenye kistuli.

"Kuna mama anaitwa Tihisha," alisema. "Ana binti mdogo, amevunjika mkono. Wamelazwa chumba kimoja. Anauza kahawa kwenye stendi ya mabasi."

"Tihisha," alisema Kandida, akakosea mkazo.

"Tihiisha. Tahira anavuta hapo katikati."

Kandida alilowesha midomo kwa ulimi. Akalisema tena, polepole, na safari hii alilisema sawasawa.